UZI: Klorini hailindi tunda, inalinda maji. Usalama wa mboga na matunda ya kuliwa mabichi, kuanzia shambani hadi kwenye kreti

#1 Shambani_Kwanza

Wakuu, salaam.

Swali linalojirudia humu jukwaani ni hili: niweke klorini kiasi gani ili mboga zangu ziwe salama? Vipimo wenye vyumba vya kufungashia watatupa, ila kwanza tukubaliane klorini inafanya nini.

Tunda au mboga ya kuliwa mbichi haipiti motoni. Kinyesi kikishaigusa, hakuna hatua ya mbele itakayofuta jambo hilo kabisa. Kuosha vizuri kwa maji yenye dawa hupunguza bakteria walioshika kwenye jani mara kumi, ukibahatika mara mia. Ni pungufu kubwa, lakini E. coli O157:H7, bakteria mkali wa kinyesi, inaweza kumlaza mtu hospitali kwa bakteria wasiofika mia moja, na wale waliojificha kwenye mikunjo, kwenye vitundu vya hewa vya jani, kwenye kovu la kikonyo na pale kisu kilipopita, dawa haiwafikii. Kazi halisi ya klorini ni kuzuia jani moja chafu lisichafue pipa zima, na pipa lisichafue kila kreti itakayofuata.

Kwa hiyo vita vyenyewe viko shambani. Naanza na maji ya kumwagilia.

Jiulize maji yanagusa sehemu inayoliwa au hayagusi. Nyanya iliyofungwa kwenye miti na kumwagiliwa kwa matone haiguswi na maji. Letasi inayomwagiliwa kwa mvua ya juu inaguswa yote. Hapa wengi hukosea kwa kudhani matone ni salama kwa kila zao: karoti, figili na vitunguu vya majani huliwa sehemu ileile inayoloweshwa na matone, kwa hiyo kwa mazao hayo mpira wa matone haukupunguzii kitu.

Kisima kirefu chenye mfuniko uliobana, kuta zilizozibwa na kichwa kilichoinuliwa juu ya ardhi ni salama kuliko bwawa, na bwawa lenye uzio ni salama kuliko mto. Mto hubadilika kwa saa. Mvua kubwa ikinyesha juu, kinyesi cha mifugo kilicholala malishoni siku nyingi huingia mtoni kwa mkupuo mmoja. Maji yakigeuka rangi baada ya mvua, funga pampu, subiri yatulie.

Na mazao yaliyozamishwa na mafuriko, kama sehemu inayoliwa iligusana na maji hayo, hayaoshwi wala hayauzwi. Yanatupwa.

Jambo jingine ni muda kati ya umwagiliaji wa mwisho na kuvuna. Juani, juu ya jani, bakteria hufa. Makadirio yanayotumika sana ni kupungua mara kumi kila siku mbili, na hayahesabiwi zaidi ya siku 4. Maana yake ukiacha siku 4 kamili bila kumwagilia juu ya majani, umepunguza kama mara mia. Ikinyesha au kukiwa na mawingu mazito, usitegemee hesabu hiyo.

---

#2 Chupa_ya_Sampuli

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze upande wa kupima, kwa sababu sampuli iliyochukuliwa vibaya hutoa jibu zuri la uongo.

Maabara inatafuta E. coli ya kawaida, sio kwa kuwa kila E. coli ni hatari, bali uwepo wake unaonyesha kinyesi kimepita. Majibu huja kwa idadi kwenye mililita 100. Kwa maji ya kuoshea mazao, kunawia mikono, kutengenezea barafu na kusafishia meza, kiwango ni kimoja tu: isionekane hata moja kwenye mililita 100. Kwa maji ya kumwagilia yanayogusa zao, kipimo kimoja hakikuambii kitu, unahitaji mfululizo. Marekani ilikuwa na kikomo cha wastani wa 126 kwenye mililita 100, na mwaka 2024 ikakiondoa kwa maji ya kabla ya kuvuna na kuweka badala yake tathmini ya mfumo mzima wa maji: chanzo, njia, mifugo jirani, aina ya zao, hali ya hewa. Mimi naona namba hiyo bado inafaa kukushtua, ila isikutulize. Kipimo cha 20 siku ya jua hakisemi lolote kuhusu siku ya pili baada ya mvua.

Namna ya kuchukua:

Chupa iwe ya maabara, iliyotakaswa. Usiisuuze, na usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Kama maji yana klorini, omba chupa yenye sodiamu thayosalfeti, vinginevyo klorini itaendelea kuua bakteria ndani ya chupa njiani na utaletewa sifuri isiyo ya kweli.

Kisimani, endesha pampu dakika kadhaa kwanza. Mtoni, simama ukitazama maji yanakotoka, zamisha chupa kama sentimita 15 hadi 30 chini ya uso, usichukue utando wa juu wala usikoroge matope. Na tafadhali chukua sampuli nyingine mwisho wa bomba, pale maji yanapotokea shambani. Kisima kinaweza kuwa safi na tangi likawa na mjusi aliyekufa.

Weka chupa kwenye kisanduku chenye barafu, zisigande, zifike maabara ndani ya saa 24.

---

#3 Mama_Letasi

Asanteni wakuu. Mmesema maji ya kumwagilia, je, maji ya kuchanganyia dawa ya wadudu? Watu huchota popote kwa kuamini kuwa dawa itaua na vijidudu.

---

#4 Shambani_Kwanza

Dada umegusa penyewe. Dawa ya wadudu na ya ukungu haikutengenezwa kuua bakteria wa matumbo. Kwenye baadhi ya michanganyiko bakteria hao huishi, na mingine huwaruhusu kuzaliana bomba la kupulizia likilala na mchanganyiko usiku. Kisha unanyunyizia moja kwa moja juu ya jani, pengine siku chache kabla ya kuvuna. Kwa hiyo maji ya kupulizia yawe na usafi wa maji ya kunywa, changanya kiasi cha kumaliza siku hiyohiyo, suuza bomba na liache wazi likauke. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ni za mabaki ya kemikali tu, hazihusiani na bakteria.

---

#5 Kitalu_B

Naomba kuuliza kuhusu samadi. Ya kuku ikikaa juani miezi miwili ikawa kavu kabisa, haina harufu, si imeiva hiyo?

---

#6 Mboji_Moto

Hapana ndugu yangu. Kukauka na kuiva ni vitu viwili. Salmonella, bakteria mwingine wa kinyesi, huvumilia ukavu muda mrefu, na vumbi la samadi kavu hupeperuka hadi kwenye tuta la jirani lenye letasi inayokaribia kuvunwa. Kinachoua ni joto la ndani ya lundo, likifika kiwango na kukaa huko.

Kwa lundo linalogeuzwa: nyuzijoto 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo uligeuze si chini ya mara 5. Sababu ya kugeuza ni kwamba ngozi ya nje ya lundo haichemki. Kila ukigeuza, iliyokuwa nje iingie katikati. Ukikoroga juu juu bila kubadilisha nafasi, hujageuza. Kwa lundo lisilogeuzwa lakini linalopulizwa hewa kwa mabomba chini na kufunikwa juu, ni nyuzijoto 55 kwa siku 3 mfululizo, kisha liache lipoe na kukomaa.

Lundo likikataa kupanda joto, sababu huwa hizi. Dogo mno: chini ya mita moja kila upande joto hutoroka. Kavu mno: kamata konzi, kamua, mkono ulowe bila maji kudondoka, hiyo ni kama asilimia 50. Limeloa mno: hewa inakosa nafasi, linanuka yai bovu, ongeza makapi makavu na ugeuze. Au samadi ni nyingi kuliko makapi: lenga kaboni (iliyo nyingi kwenye makapi) 25 hadi 30 kwa naitrojeni (iliyo nyingi kwenye samadi) 1. Samadi ya kuku ina naitrojeni kali, inataka makapi mengi kuliko ya ng'ombe.

Tumia kipimajoto cha fimbo ndefu, angalau nusu mita, upime sehemu kadhaa za lundo, uandike tarehe na joto. Bila daftari huna mboji iliyoiva, una lundo tu.

Halafu linda kilichoiva. Koleo lililoshika samadi mbichi likiingia kwenye mboji bila kuoshwa, bakteria wanarudi, na humo sasa hawana washindani wengi. Samadi mbichi ikae bondeni, upande ambao maji yake hayatiririkii mboji, kisima wala vitalu.

Anayelazimika kutumia samadi mbichi: ichimbie udongoni, na kati ya kuiweka na kuvuna zipite siku 120 kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, siku 90 kama haigusi. Kipimo hicho kinatoka kwenye kanuni za kilimo hai za Marekani, na wengi hukitumia hata nje ya kilimo hai. Kwa letasi ya wiki sita, maana yake samadi mbichi iwekwe kwenye zao lililotangulia. Kinyesi cha binadamu kisichotibiwa hakiingii kwenye mjadala huu kabisa.

---

#7 Chumba_cha_Kufungashia

Sasa klorini. Nitakwenda taratibu, maana hapa pipa moja huharibu kazi ya shamba zima.

Hesabu ya blichi, yaani klorini ya maji: mililita za blichi = (lita za maji × miligramu kwa lita unazotaka) ÷ (asilimia iliyo kwenye lebo × 10).

Pipa la lita 200, unataka miligramu 100 kwa lita, blichi ni ya asilimia 3.5: 200 × 100 = 20,000; 3.5 × 10 = 35; unapata mililita 571. Kwa unga wa kalsiamu hipokloraiti wa asilimia 65, pipa hilohilo linataka gramu 31. Ukoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, umimine maji ya juu na uache mashapo. Unga unaingia kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Blichi iwe isiyo na manukato wala sabuni, na iwe imeruhusiwa kwa chakula. Nayo huzeeka: ikikaa juani nguvu hupungua, lebo ikibaki ileile.

Kwa mazao mengi miligramu 50 hadi 150 kwa lita hutosha, sharti pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 6.5 na 7.5. Klorini ndani ya maji ina sura mbili: asidi ya hipoklorasi inayoua haraka, na hipokloraiti iliyo dhaifu. Kwenye pH 7.5 ziko karibu nusu kwa nusu. Kwenye 8.5 inayoua imebaki kama sehemu moja kwa kumi. Blichi yenyewe hupandisha pH, hivyo anayeongeza blichi bila kupima pH huongeza gharama na kupunguza nguvu. Shusha kwa asidi ya sitiriki kidogo kidogo, kwenye maji ambayo tayari yameshachanganywa, kamwe isikutane na blichi kali. Chini ya pH 6 gesi ya klorini huanza kutoka, na gesi hiyo huua watu.

Udongo na utomvu hula klorini. Unayotakiwa kupima ni klorini huru, iliyobaki tayari kufanya kazi, na si jumla uliyomwaga. Pima kabla ya kuanza, kisha kila nusu saa wakati wa kazi, kwa vijiti au kifaa cha matone, uandike. Ongeza pale inaposhuka. Weka kifuniko cheupe ndani ya pipa, kwenye kitako chake: usipokiona tena, mwaga maji yote uanze upya, kwa kuwa maji ya matope hayaokolewi na blichi.

Na mazao yapite kwanza kwenye suuzo la maji safi ya kutoa udongo, ndipo yaingie kwenye pipa la dawa.

Asidi ya perasetiki ni mbadala mzuri: haiyumbishwi sana na pH wala uchafu, kikomo kinachotumika kwa mazao ni miligramu 80 kwa lita. Ni ghali zaidi, na ikiwa kali huchoma macho na mapafu. Vaa miwani.

---

#8 Kitalu_B

Mkuu, je, harufu haitoshi? Wengi hutumia pua, maji yakinukia klorini wanaendelea.

---

#9 Chumba_cha_Kufungashia

Pua hudanganya pande zote mbili. Klorini ikishaungana na utomvu na vitu vyenye naitrojeni hutoa harufu kali kuliko klorini huru, na hapo nguvu ya kuua imekwisha. Kadhalika harufu kali inaweza kuwa pH imeshuka mno na gesi inatoka. Vijiti vya kupimia ndiyo jibu.

Nimesahau joto. Nyanya iliyotoka juani ikiwa na nyuzijoto 35 ndani, ukiitumbukiza kwenye maji ya 22, hewa iliyo ndani yake hunywea na kufyonza maji kupitia kovu la kikonyo. Kilichomo majini kinaingia ndani ya nyama ya tunda, ambako hakuna dawa itakayokifuata. Ndiyo sababu maji ya nyanya yawe na joto zaidi ya nyama ya tunda kwa nyuzijoto 5 au 6, tunda lisikae majini zaidi ya dakika 2, na yasirundikwe kina kirefu, kwani uzito wa maji nao husukuma. Usipokuwa na namna ya kupasha maji, acha matunda yapoe kivulini kwanza, upime nyama yake kwa kipimajoto cha sindano. Au osha kwa kumiminia badala ya kuzamisha.

Maembe, tufaha na hoho yana tabia hiyohiyo. Mwaka 1999 mlipuko wa Salmonella nchini Marekani ulihusishwa na maembe kutoka nje yaliyochovywa maji ya moto kuua inzi wa matunda, kisha yakapozwa kwenye maji. Hatua ya moto ilikuwa sahihi, hatari ikaingilia kwenye ubaridi.

Na kama zao linaweza kwenda sokoni bila kuoshwa, usilioshe. Stroberi na rasiberi hazioshwi shambani kabisa.

---

#10 Mama_Letasi

Kweli hilo la joto wengi hatulioni. Mimi niseme ya mikono, kwa sababu norovirusi (kirusi cha kuhara na kutapika) na homa ya ini aina ya A hutoka kwa binadamu moja kwa moja, na kwenye beri na majani mabichi ndiyo balaa lenyewe.

Choo kiwe karibu kiasi kwamba mvunaji halazimiki kuchagua kati ya choo na kichaka. Kipimo kinachotumika ni kimoja kwa wafanyakazi 20, umbali usiozidi mita 400. Pembeni yake maji yanayotiririka, sabuni, taulo za karatasi na ndoo ya taka yenye kifuniko. Beseni la kuchovya mikono watu wote halihesabiki. Kibuyu chirizi kinatosha kabisa kama maji ni ya kunywa na yanayodondoka yanapokelewa yasitengeneze tope. Lowesha, sabuni, sugua sekunde 20 hadi chini ya kucha na kati ya vidole, suuza, kausha kwa karatasi.

Dawa ya mikono ya jeli haifanyi kazi kwenye mkono wenye udongo, na norovirusi huihimili. Glavu nazo: glavu iliyogusa kinyesi ni sawa na mkono uliogusa kinyesi.

Mwenye kuhara au kutapika asivune wala kufungasha, na akae pembeni hadi saa 48 zipite tangu dalili ziishe. Hapa namwambia mwenye shamba waziwazi: kama mtu akisema anaumwa anakosa ujira wa siku, hatasema. Mpe kazi ya mbali na mazao, kutengeneza uzio au kufagia stoo, alipwe. Hiyo ni hatua ya usalama wa chakula kuliko bango lolote ukutani.

Wanyama kwa kifupi: kabla ya kuvuna pita kitalu kizima. Ukikuta kinyesi, piga bendera, acha duara la mita 1.5 bila kuvuna, upanue kama mvua imekirusha. Asiyevuna ndiye akiondoe, kwa koleo lisilofanya kazi nyingine. Tunda lililoanguka chini kutoka mtini haliingii kwenye kreti ya mabichi.

---

#11 Mfereji_Mkavu

Wakuu, mmezungumza vizuri, lakini bakteria aitwaye Listeria hamjamgusa, na ndiye inayoishi ndani ya jengo lenyewe.

Wenzake hawazaliani kwenye baridi. Listeria monocytogenes huzaliana hata ndani ya jokofu la nyuzijoto 4, polepole bila kukoma. Huvuja kutoka udongoni hadi kwenye mifereji ya sakafu, kwenye nyufa, chini ya roli za mkanda, kwenye sponji na fagio la majani, na hapo hujijengea utando ambao klorini hupita juu yake. Mwaka 2011 matikiti ya kantalupu kutoka shamba moja la Colorado, Marekani, yaliua watu 33. Wakaguzi walikuta maji yametuama sakafuni, mashine zilizokuwa za kuoshea viazi na zisizofunguka kusafishwa, na matikiti yakiingizwa chumba cha baridi bila kutolewa joto la shambani, hivyo yakatoka jasho humo ndani.

Usafi wa meza, mikanda na kreti una hatua nne na hazirukwi: ondoa uchafu unaoonekana, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo dawa, klorini miligramu 100 hadi 200 kwa lita, kisha iache ikauke kwa hewa. Dawa juu ya uchafu ni kupoteza dawa. Kreti za mbao hazisafishiki, zitandike karatasi mpya kila safari au uachane nazo. Kreti iliyokaa chini isipandishwe juu ya nyingine, kwani udongo wa kitako chake hudondokea mazao.

Usipige mfereji kwa maji ya presha. Unaurusha hewani, ukungu wake unatua mezani. Brashi ya mfereji iwe ya mfereji tu, ya rangi tofauti. Maji yanayodondoka kutoka kwenye feni za baridi yaelekezwe pembeni, yasidondokee kreti. Ukichukua sampuli za usufi, yaani kupangusa kwa pamba ya maabara, anza na mifereji, miguu ya mashine na magurudumu ya toroli. Ukiipata huko umeipata kabla haijapanda mezani, na hilo ni jambo jema, usilifiche.

---

#12 Kitalu_B

Swali la mwisho kwa leo. Ikitokea mnunuzi amepiga simu kwamba kuna tatizo, mtu anajuaje kreti ipi ilitoka wapi?

---

#13 Chumba_cha_Kufungashia

Kila kreti iwe na namba ya fungu. Mfano K3-214-B: kitalu cha 3, siku ya 214 ya mwaka, kikundi cha wavunaji B. Daftarini, mbele ya namba hiyo, andika zao, idadi ya kreti, tarehe ya umwagiliaji wa mwisho, vipimo vya klorini na pH vya siku hiyo, na nani alinunua kreti ngapi. Usichanganye mafungu kwenye kreti moja kwa ajili ya kujaziliza. Ukichanganya, tatizo la kitalu kimoja linakuwa la vitalu vyote na utarudisha mzigo wote. Maji ya pipa yakibadilishwa kati ya fungu na fungu, unapata mpaka safi zaidi.

Daftari litunzwe miaka 2. Mara moja kwa msimu chagua namba moja bila kutangaza, uone kama ndani ya saa 4 unaweza kutaja wanunuzi wote wa fungu lile na kreti zao zikajumlika sawa na zilizovunwa. Hesabu isipofunga, tafuta pale kreti zinapohamishiwa kwenye gari. Mara nyingi lebo hupotea hapo, kwa sababu hubandikwa kwenye kreti zikiwa bado zimelowa. Tumia kadi ya kufunga kwa kamba.